Vifaranga wa Banda la Juu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tusekile alikuwa na safari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kushuka, kwenda banda la kuku lililoegemea ukuta wa jiko. Ya pili ilikuwa ya kupanda, kupita kati ya matuta ya viazi hadi juu kabisa ya kiwanja, kwenye banda la bata mzinga. Katikati ya njia kulikuwa na ndoo ya maji na buti za mpira za baba yake, kubwa kiasi kwamba alipozivaa alitembea kwa kuburuza miguu. Sheria ya nyumba ilikuwa hivi: ukitoka kwa kuku, unanawa mikono, unavua kandambili, unavaa buti, ndipo unapanda. Vyombo vya chini havipandi juu, na vya juu havishuki chini.

Sheria hiyo aliileta Bwana Kasian, afisa mifugo wa kata yao huko Igawilo, siku alipokuja kuchanja kuku. Alimwambia baba yake Tusekile, Mzee Sedekia, "Kuku na bata mzinga wasichangamane hata siku moja. Kuku anabeba ugonjwa ambao yeye mwenyewe haumsumbui. Ukimpata bata mzinga, unamuua."

Tusekile alisikia, lakini moyoni hakuamini. Kuku wao walikuwa wanene na wenye makelele kutwa. Mgonjwa gani huyo asiyeugua? Naye alikuwa darasa la sita, na mwanafunzi wa darasa la sita hujua mambo mengi, yakiwemo asiyoyajua.

Banda la juu lilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta wa mabanzi. Upande mmoja aliishi dume mkubwa aitwaye Diwani. Jina hilo alipewa na babu kwa sababu ya kutunisha kifua, na kwa sababu mtu yeyote akisema neno karibu naye, lazima naye ajibu. Upande wa pili waliishi vifaranga saba wa wiki tano, shingo ndefu, macho ya mshangao. Mama yao aliuawa na mbwa akiwa bado ameatamia. Mayai yalikuwa na vuguvugu, basi Mzee Sedekia akayakusanya, akayaweka chini ya tetea mmoja mwekundu ndani ya kikapu kipya. Tetea yule akayaatamia kama yake. Siku vifaranga walipoanguliwa, walitenganishwa naye na kupelekwa juu, kama Bwana Kasian alivyoagiza.

Wengine wangesema ndege ni ndege tu. Kwa Bibi Esnath haikuwa hivyo. Mume wake, babu yake Tusekile, alimleta Diwani na jike wake kutoka Igowole mwaka wa mwisho wa uhai wake, amewapakata ndani ya basi safari nzima. Babu hakuacha picha nyingi wala maneno mengi. Aliacha ndege hao. Miguu ya bibi haikuweza tena kupanda kilima, kwa hiyo alikaa barazani akiwa amejifunika blanketi, akisikiliza sauti kutoka juu. Diwani akilia, bibi hucheka na kusema, "Babu yenu huyo, ananisalimia." Jike alikuwa amekwisha kufa. Vifaranga saba wakifa nao, Diwani angebaki peke yake, na siku yake ikifika, yangekuwa yamekwisha yote. Tusekile alilijua hilo vizuri.

Mwezi wa saba ukaingia, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba haina adabu. Alfajiri umande huganda juu ya majani ya viazi, na watoto huenda shule wakitoa mvuke midomoni. Kila jioni Tusekile alijaza makaa ya moto kwenye chungu kikuukuu, akakifunika, akakipandisha hadi banda la juu na kukiweka ndani ya kizuizi cha waya ili vifaranga wapate joto. Ilikuwa kazi yake, aliiomba mwenyewe.

Kisha mama akapata habari za msiba wa shangazi yake huko Kyela, akaondoka kwa siku sita. Baba naye alikuwa anavuna viazi shamba la mbali, akirudi giza likiingia, mgongo umekufa ganzi. Tusekile alibaki na kupika, kuosha vyombo, kumsaidia bibi, na kupeleka moto juu. Jioni ya kwanza upepo ulikuwa mkali. Makaa yalizimika kabla hajafika nusu ya kilima. Akarudi, akajaza mengine, na safari hii akaungua kidole. Alisimama mlangoni mwa jiko akinyonya kidole na kulia kidogo kwa hasira.

Hapo ndipo alipomwona yule tetea mwekundu ndani ya banda la kuku. Alikuwa amelala amejitandaza, manyoya yametuna, hana hata kifaranga mmoja wa kumfunika. Tusekile akawaza, joto si hili hapa?

Akapanda na kapu tupu, akashuka na kapu lenye vifaranga saba. Akawasogeza mmoja mmoja chini ya tetea. Kuku yule aliwafunika kwa furaha kabisa, na vifaranga wakanyamaza mara moja. Tusekile akajiona mwerevu kuliko afisa mifugo.

Alipoingia ndani, bibi aliuliza kama alivyouliza kila jioni, "Mjukuu wangu, umewapelekea moto?"

"Nimewapelekea, bibi."

"Ndaga, asante mwanangu. Mungu akubariki."

Alifanya hivyo jioni tano. Kila alfajiri, kabla baba hajaamka, aliwarudisha juu. Alipochelewa kidogo aliwakuta wameshaanza kuparua chini pamoja na kuku, wakidonoa punje zilizoanguka kwenye mbolea. Mama aliporudi, Tusekile akarudia kazi ya chungu. Wiki ikapita, hakuna aliyekohoa wala kupiga chafya. Bwana Kasian alitutisha bure, akajisemea.

Siku ya kumi na mbili tangu jioni ile ya kwanza, kifaranga mmoja hakuja kula.

Alikuwa amesimama pembeni, mabawa yananing'inia, kichwa kimezama mabegani kama mzee mwenye homa. Chini yake kulikuwa na kinyesi cha majimaji, rangi ya manjano iliyokolea. Tusekile alimsogezea yai lililochemshwa na kupondwa, chakula walichokipenda kuliko vyote. Kifaranga alilitazama, akafumba macho. Kesho yake asubuhi alikuwa amekufa, na wengine wawili walikuwa wamesimama vilevile pembeni.

"Ni baridi," alisema baba. Alipanda na nyundo na misumari, akaziba kila upenyo wa banda kwa mabanzi, akafanya kazi hiyo siku nzima huku viazi vikimsubiri shambani. "Kosa ni langu. Niliona upepo unapita, nikaahirisha."

Tusekile alimshikia misumari. Alitaka kusema. Badala yake akampa msumari mwingine.

Mama alikamua shubiri kwenye maji yao ya kunywa. Duka la dawa za mifugo la Uyole liliwauzia unga wa kutibu kuharisha, nao wakauchanganya kama walivyoelekezwa. Havikusaidia. Kifaranga wa pili akafa, na wa tatu. Tusekile alikaa naye huyo wa tatu mapajani, amemfunga kwa kitenge, akimdondoshea maji mdomoni tone kwa tone. Maji yalitoka tena pembeni. Hakukuwa na la kufanya, na hakuna jambo linalochosha kama kukaa na kiumbe anayekufa huku huna la kufanya. Aliishiwa pumzi akiwa mikononi mwake, kimya kimya, bila kusumbua mtu.

Shuleni alimweleza rafiki yake Roza kila kitu, kuanzia kidole kilichoungua.

"Nyamaza," Roza alimwambia. "Ukisema, utachapwa. Halafu, kwani wakijua, waliokufa watafufuka?"

Lilikuwa swali lenye akili, au lilifanana na lenye akili. Tusekile akafuata ushauri huo. Lakini usingizi ulimkimbia na chakula kikamkinaisha. Kila jioni bibi aliuliza, "Wangapi leo?" na Tusekile akajibu, "Watano, bibi," na kesho yake, "Wanne." Bibi alikuwa ameacha kucheka Diwani akilia. Siku moja Tusekile alimsikia akimwambia mama taratibu, "Labda ni mimi. Nilikuwa nawapa makombo ya ugali wakiletwa hapa barazani ndani ya kapu niwaone. Huenda niliwadhuru kwa mikono yangu."

Tusekile alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya choo, akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Baba alijilaumu, bibi alijilaumu, na mwenye kosa alikuwa anashika misumari.

Mwishowe Mzee Sedekia alipiga picha kinyesi kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akamtumia Bwana Kasian. Picha ya kinyesi si jambo la kujivunia, lakini ilifanya kazi. Bwana Kasian alijibu kwa maneno mawili tu: "Nakuja kesho."

Alikuja kwa pikipiki, akiwa na buti zake mwenyewe na chupa ya dawa ya kunyunyizia nyayo. Alimpasua kifaranga wa nne, aliyekufa asubuhi hiyo, juu ya kipande cha mfuko. Akaita familia yote waone. Ini lilikuwa na madoa ya mviringo, ya manjano, kama sarafu zilizozama ndani ya nyama.

"Hii siyo baridi," alisema. "Sisi tunauita ugonjwa wa kichwa cheusi. Unatoka kwa kuku. Kuku ana minyoo midogo tumboni, na ndani ya mayai ya ile minyoo kuna kijidudu kisichoonekana kwa macho. Kuku anakunya, bata mzinga anadonoa palepale, kijidudu kinakwenda kula ini lake. Mzee Sedekia, hawa wamewahi kukaa na kuku?"

"Hapana kabisa," alijibu baba kwa uhakika. "Hiyo sheria tumeishika, afisa. Muulize hata mtoto, ndiye anayewahudumia."

Bwana Kasian akamtazama Tusekile. Tusekile akatazama buti zake.

"Basi jambo ni baya kuliko nilivyodhani," afisa akasema, akivua glavu. "Kama hawakukutana na kuku, ugonjwa umo ndani ya udongo wa huko juu wenyewe. Na mayai ya ile minyoo hukaa ardhini miaka. Hapo hapafai tena, hata kwa yule dume. Sina mahali pa kuwaambia muwapeleke. Kwa maoni yangu, wachinjeni hawa watatu waliobaki, na dume pia, kabla hajaanza kuteseka."

Kule juu Diwani alisikia sauti za watu, akajibu kama kawaida yake.

Bibi Esnath alikuwa barazani, amesikia yote. Alivuta blanketi lake. "Kama ndivyo, ndivyo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Babu yenu alifanya sehemu yake. Sedekia, noa kisu, mwanangu. Asiteseke."

Baba aliinuka akaingia jikoni. Tusekile alisikia kisu kikiburuzwa juu ya jiwe la kunolea, mara moja, mara mbili. Akaelewa kwamba Roza alikuwa ameuliza swali lisilo lenyewe. Waliokufa hawatafufuka, sawa. Lakini kulikuwa na wanne walio hai, na kisu kilikuwa kinanolewa kwa sababu yeye alikuwa amefunga mdomo.

"Baba!" alipiga kelele. "Baba, usichinje! Walilala na kuku!"

Kisu kikanyamaza.

"Mama alipokuwa Kyela. Siku tano. Makaa yalikuwa yanazimika, nikaungua, nikawaweka kwa tetea mwekundu. Nilidanganya, bibi. Sikuwapelekea moto." Kisha akashindwa kuendelea, akakaa chini hapohapo kwenye vumbi.

"Mwe bandu, jamani!" mama alishika kichwa. "Tusekile! Siku zote hizi?"

Baba alisimama mlangoni na kisu mkononi. Uso wake ulikuwa mgumu. Akakiweka kisu juu ya paa la banda la kuku, mbali na mikono yake. "Nilipigilia mabanzi siku nzima," alisema polepole, "na wewe ulinishikia misumari." Tusekile angependa achapwe kuliko kusikia hivyo.

Ni Bwana Kasian aliyechuchumaa mbele yake. "Futa machozi, unisikilize. Kuku hata mmoja aliwahi kupanda juu?"

"Hapana."

"Na upande wa Diwani, vifaranga waliwahi kuingia?"

"Hapana. Kuna ukuta. Na chombo chake cha maji ni cha kwake."

Afisa akainuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliongea haraka. "Basi hesabu imebadilika. Udongo wa juu ulikuwa safi. Walioleta ugonjwa ni hawa wenyewe, baada ya kulala kwa kuku, kisha wakaambukizana. Dume aondoke leo, ahamishiwe kona ya mbali, kwenye ardhi ambayo hakuna ndege aliyewahi kukanyaga. Hawa watatu msiwaweke ardhini tena. Watengenezeeni chanja ya waya, kinyesi kidondoke chini wasikifikie. Kila mmoja chumba chake. Kuku wote wapewe dawa ya minyoo. Kuna dawa nitawapa hawa, lakini siwaahidi kitu. Huyu mmoja ameshalegea. Ningeitwa siku ya kwanza, na kuambiwa ukweli siku ya kwanza, ningekuwa na vifaranga sita wa kupigania."

Walifanya kazi hadi jua likazama. Baba alitengeneza chanja ndani ya stoo ya bibi, mama akachoma matandiko ya zamani, na Tusekile akachimba shimo la kumzika kifaranga wa nne. Baba ndiye aliyemwambia achimbe, naye hakumsaidia.

Yule aliyelegea alikufa kesho yake. Tusekile alikuwa amejua kwamba atakufa, akakaa naye vilevile, kwa sababu hilo lilikuwa jambo pekee lililobaki la kumfanyia. Wale wawili hawakuugua siku hiyo, wala iliyofuata. Kila asubuhi aliingia stoo akiogopa kutazama pembeni. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Katika wiki ya tatu mmoja wao alimdonoa kidole kilekile alichoungua, kwa nguvu, akidai chakula. Tusekile alicheka peke yake stoo mpaka mama akaja kuangalia kuna nini.

Bwana Kasian alipokuja kuwakagua, aliwageuza, akawatazama vizuri. "Huyu dume, huyu jike," alisema. "Huyu jike msimpe Diwani, ni baba yake. Kilolo kuna mfugaji ninayemfahamu, tutabadilishana madume. Bibi, kizazi cha mzee hakijakwisha."

Bibi Esnath alijifuta macho kwa ncha ya blanketi, kisha akamwita Tusekile akae miguuni pake.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kuwalaza kwa kuku lilikuwa kosa la mtoto aliyesikia baridi na kuungua kidole. Hilo ningelisamehe kabla hujamaliza kulisema. Na kama hukuielewa sheria ya afisa, ungeuliza. Mtu haachi sheria kwa sababu tu hajaona maana yake. Lakini kubwa ni hili. Siku zile zote ulituona tunatibu upepo, ukakaa kimya. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tena ungekuwa umeficha ugonjwa wako mwenyewe, afadhali. Wewe ulificha wa viumbe wasioweza kusema. Wao walikuwa na mdomo mmoja tu wa kuwasemea, na huo mdomo ni wako."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Ila watano wale hawarudi, hilo utakuwa nalo. Na siku ile ulipopiga kelele kisu kikiwa jiweni, ulikuwa unaogopa, si ndiyo?"

"Sana, bibi."

"Na ukasema vilevile. Kumbuka na hilo."

Mwezi wa nane baridi ilikuwa bado haijaondoka. Baba alikuwa amejenga banda jipya dogo kwenye ardhi safi, mbali zaidi na lile la kwanza, na juu zaidi kilimani, akawahamishia humo wale wawili pamoja na chanja yao. Jioni moja upepo ulipoanza kuvuma, Tusekile alikuwa amekaa na Roza uani, wamenogewa na mazungumzo. Sauti ya bibi ikatoka barazani.

"Tusekile! Umewapelekea moto?"

Roza akamkonyeza. Chungu kilikuwa bado kitupu kando ya jiko, na jibu la zamani lilikuwa jepesi sana mdomoni.

"Bado, bibi!" Tusekile alijibu kwa sauti, akiinuka. "Nilisahau. Naenda sasa hivi."

Akajaza makaa, akanawa mikono, akavaa buti kubwa za baba, akaanza kupanda. Katikati ya kilima makaa yakazimika. Akashuka, akajaza mengine, akapanda tena.